Masafa ya Redio na Haki ya Anayesikiliza

Mawimbi ya redio hayagombani angani. Mawimbi mawili yakikutana hupitana, na kila moja huendelea na safari yake likiwa na umbo lile lile. Juu ya mji wowote, matangazo ya redio, mazungumzo ya simu, rada za uwanja wa ndege, setilaiti na vifaa vidogo vya majumbani hupita mahali pamoja kwa wakati mmoja bila kudhuriana. Dhara hutokea ndani ya kipokezi, pale antena inapopokea jumla ya kila kilichoifikia na saketi zikashindwa kulitenga wimbi linalotakiwa na mengine yote. Mwingiliano wa masafa, kwa hiyo, ni jambo linalompata anayesikiliza. Asipokuwapo msikilizaji, hata mitambo elfu ikirusha kwenye masafa yale yale, hakuna aliyedhulumiwa.

Ukweli huo wa fizikia unaligusa moja kwa moja swali ambalo sheria, uchumi na dini zimelishughulikia kwa njia tofauti: je, masafa yanaweza kumilikiwa? Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mawimbi ya redio ni yale yote yaliyo chini ya gigahezi 3,000. Masafa hayo hayachimbwi wala hayaliki. Kituo kikizima mitambo usiku, alfajiri masafa yapo vile vile, ila saa zilizopita bila kutumika zimekwenda na haziwezi kuwekwa akiba. Pamoja na hayo, kila dola hutoa leseni za masafa, na baadhi huyapiga mnada kwa mabilioni. Ni vigumu kukitaja kitu kinachouzwa hapo. Mwenye leseni hapewi wimbi, kwa maana wimbi hulizalisha mwenyewe kwa mtambo wake. Anachopewa ni ahadi kwamba wengine watanyamaza ili wasikilizaji wake wasikie. Haki ya mwenye leseni imejengwa juu ya wajibu wa watu wengine, na hapo ndipo inapoachana na haki ya mwenye shamba, ambaye ardhi yake ipo hata asipokuwapo jirani.

Swali hili liliingia duniani kwa njia ya bahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Guglielmo Marconi iliwakataza waendeshaji wa mitambo yake kuwasiliana na meli zenye mitambo ya kampuni nyingine, isipokuwa kwenye dharura. Mawimbi yalifika, masikio yalikuwapo, ila amri ya biashara iliyaziba. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 uliikataa desturi hiyo: vituo vya pwani na meli vilipaswa kupokeana bila kujali mtambo wa nani umetumika. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa redio ulianza, basi, na wajibu wa kusikiliza. Madai ya umiliki yalikuja baadaye, na ni vyema mpangilio huo wa matukio ukakumbukwa, kwa kuwa mijadala ya leo huanza na bei.

Kuzama kwa meli ya Titanic mwezi Aprili 1912 kuliongeza uzito wa jambo. Katika saa zilizofuata ajali, ujumbe ulichanganyikana hewani na magazeti yakachapisha kwamba abiria wote walikuwa salama. Lawama nyingi ziliwaangukia warushaji wa ridhaa waliokuwa wakirusha walivyotaka. Mwezi Agosti mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya leseni, na warushaji hao wakasukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, ambayo wataalamu wa wakati huo waliyaona hayana faida. Mwaka 1923 watu hao hao waliwasiliana kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa mawimbi mafupi yaliyodharauliwa. Ni kwa mawimbi mafupi ndipo BBC ilipoanza matangazo yake ya Kiswahili kutoka London mwaka 1957 na kusikika Afrika Mashariki. Waliofukuzwa kwenye eneo zuri walilihuisha eneo lililokufa, na faida ikawafikia watu ambao hakuna aliyewafikiria wakati sheria inaandikwa.

Mwaka 1926 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kumzuia mwenye leseni asihamie masafa mengine. Vituo vikahama ovyo na kuongeza nguvu, na katika miji mikubwa wasikilizaji wakabaki na miluzi. Sheria ya mwaka 1927 ilirudisha utaratibu kwa kutamka kwamba masafa hayamilikiwi na mtu: hutolewa kwa muda, kwa manufaa ya umma. Ronald Coase, mwanauchumi Mwingereza aliyefundisha Marekani, aliipinga hoja hiyo mwaka 1959. Kwake, vurugu zilitokana na kukosekana kwa haki zilizofafanuliwa, na serikali ilikosea kudhani kwamba masafa yana hali ya pekee. Haki zikiwa wazi na zikiweza kuuzwa, alisema, masafa yatamfikia yule anayeyathamini zaidi. Katika hoja hiyo mlikuwa na wazo lenye kina zaidi ya soko lenyewe: dhara la mwingiliano lina pande mbili. Kituo cha kwanza hukidhuru cha pili kikirusha, na cha pili hukidhuru cha kwanza kikidai kinyamaziwe. Hakuna mkosaji wa asili. Kuna watu wawili ambao matakwa yao hayawezi kutimia mahali pamoja.

Coase ana haki katika wazo la pande mbili, na fizikia iliyotajwa hapo mwanzo inamuunga mkono. Kuhusu mnada, hoja yake inapungukiwa. Marekani ilianza minada ya masafa mwaka 1994, na mwaka 2000 Uingereza ilivuna takriban pauni bilioni 22.5 kwa leseni tano za simu za kizazi cha tatu. Mnada hupima thamani kwa fedha iliyopo mkononi. Mvuvi anayehitaji taarifa ya hali ya bahari, kijiji kinachotaka redio yake, na mwanaastronomia anayesikiliza nyota hawaendi mnadani, ingawa kusikia kwao kuna thamani.

Fikihi ya Kiislamu ilikuwa na zana za kulifikiri jambo hili karne nyingi kabla ya redio, kwa sababu ililazimika kugawa vitu vinavyotiririka. Katika Hadithi watu wametajwa kuwa washirika katika maji, malisho na moto, na mafakihi wakajenga juu yake hukumu za visima, mito na ardhi isiyo na mwenyewe. Mtu akichimba kisima hupata pembezoni mwake harimu, yaani eneo ambalo mwingine hachimbi ili maji ya wa kwanza yasikatike. Wahandisi huacha mkanda mtupu kati ya huduma mbili za redio kwa sababu hiyo hiyo. Anayeihuisha ardhi iliyokufa huwa na haki nayo. Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala, ilhali Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Waswahili, hakuishurutisha. Wasimamizi wa masafa wamegawanyika vivyo hivyo kati ya leseni ya lazima na matumizi huru. Na mtu aliyeweka alama za mipaka juu ya ardhi kisha asiishughulikie hupoteza haki yake baada ya miaka mitatu, kwa hukumu inayonasibishwa na Khalifa Umar bin al-Khattab. Juu ya yote kuna kanuni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Nguvu ya mtazamo huu ni kwamba unaanza na kiu ya wanaohitaji maji, kisha ndipo unapofika kwa mwenye kisima. Umiliki upo na unaheshimiwa, lakini una masharti yanayotokana na haja ya jirani. Ukihamishiwa kwenye redio unatoa jibu lililo karibu zaidi na hali halisi kuliko soko peke yake: leseni ni amana ya kuwafikia wasikilizaji, na amana isiyotumika hurudi.

Haki ya anayesikiliza nayo haikosi mipaka. Mwezi Januari 2022 kampuni za simu za Marekani zilitaka kuwasha mitambo ya kizazi cha tano ndani ya mkanda wa megahezi 3,700 hadi 3,980, masafa ziliyoyanunua kihalali. Mashirika ya ndege yalishtuka. Vipimo vya redio vinavyoipa ndege urefu wake kutoka ardhini hutumia megahezi 4,200 hadi 4,400, na baadhi vilikuwa vimetengenezwa enzi ambazo majirani wa masafa hayo walikuwa kimya, hivyo vilisikiliza mbali nje ya eneo lao. Nani mkosaji? Mrushaji alibaki ndani ya mipaka yake. Sikio ndilo lililotoka nje. Hata hivyo ndege ina watu, na hakuna mwenye akili atakayeihukumu kwa ramani ya masafa peke yake. Mitambo iliyo karibu na viwanja vya ndege ilicheleweshwa au kupunguzwa nguvu, na vipimo vya ndege vikarekebishwa kwa kuwekewa vichujio. Kila upande ulibeba sehemu ya mzigo. Mwaka 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa tamko la sera kwamba vipokezi navyo vina wajibu wa kustahimili jirani. Kwa karne nzima sheria ilikuwa ikimwangalia mrushaji tu.

Mahali ambapo maswali haya yanaonekana wazi zaidi ni mkanda wa megahezi 2,400 hadi 2,483.5. Mwaka 1947, katika mkutano wa Atlantic City, eneo hilo lilitengewa mitambo ya viwandani na ya kitabibu na vyombo vya kupashia joto, ambavyo havina ujumbe wowote wa kupeleka. Mwaka 1985 FCC iliruhusu vifaa vya mawasiliano vilivyotawanya nguvu zao kwa upana kuingia humo bila leseni, mradi vivumilie usumbufu wote vitakaoukuta. Katika uwanja huo usio na mwenyewe ndimo zilimozaliwa Wi-Fi, Bluetooth na Zigbee. Ni jambo la kustaajabisha, na lingepaswa kuwafikirisha zaidi wanaoamini kwamba kisicho na mmiliki lazima kiharibike.

Teknolojia hizo hazielewani. Kifaa cha Bluetooth hakiwezi kuusoma ujumbe wa Wi-Fi, wala Zigbee haiwezi kuisoma Bluetooth. Kila moja ina adabu yake ya kuishi na wageni. Wi-Fi husikiliza kwanza, na ikikuta kuna anayezungumza husubiri kwa muda wa kubahatisha kabla ya kurusha. Bluetooth ya kawaida huuvunja mkanda kuwa chaneli 79 za megahezi moja moja na kuruka kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, ili ikigongana na mwingine igongane naye kwa kitambo kidogo tu. Tangu toleo la mwaka 2003, hukumbuka chaneli zenye msongamano na kuzikwepa. Wazo la kurukaruka ni la kale: Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema, na George Antheil, mtunzi wa muziki, walipata hataza yake Marekani mwaka 1942, kwa ajili ya kuongoza makombora ya majini, wakipendekeza masafa 88, idadi ya vibonye vya piano.

Ndani ya adabu ya Wi-Fi mna jambo ambalo mwanafalsafa wa maadili hawezi kulipita. Kifaa cha Wi-Fi kikiitambua ishara ya Wi-Fi nyingine hukaa kimya hata kama ishara hiyo imefika ikiwa dhaifu, kwenye kiwango cha desibeli -82 kwa kipimo cha miliwati. Kikikuta nguvu ambayo hakiitambui, husubiri tu pale itakapofika -62. Tofauti hiyo ya desibeli 20 maana yake ni kwamba mgeni anahitaji kupaza sauti mara 100 zaidi ya ndugu ndipo apishwe. Zigbee, inayorusha kwa nguvu ndogo ili betri yake idumu, mara nyingi haifikii kiwango hicho na humezwa. Hakuna mhandisi aliyekusudia dhuluma. Ishara inayotambulika ni ushahidi wa uhakika kwamba kuna anayezungumza, ilhali nguvu isiyojulikana huenda ikawa kelele tu, na anayesubiri kila kelele hatazungumza kamwe. Lakini matokeo yanabaki yale yale: heshima inafuata utambuzi, na asiyetambulika hupewa nafasi kwa nguvu zake tu. Teknolojia za simu zilipoingia kwenye mkanda wa gigahezi 5 katika miaka ya 2010, ugomvi wao na watu wa Wi-Fi ulihusu kiwango hiki hiki, yaani mgeni amsikie mwenyeji akiwa dhaifu kiasi gani ndipo anyamaze.

Kwa hiyo kutambua ishara ni kazi ya haki kama ilivyo kazi ya ufundi. Anayesimamia masafa ya jengo au mji hutumia kifaa kinachochora nguvu ya kila masafa kwa kila kitambo, na kwa uzoefu huzisoma alama. Wi-Fi huonekana kama bonge lenye upana wa megahezi 20 au zaidi, na mitambo yake ya kugawa mtandao hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde. Bluetooth ni vidoa vinavyorukaruka. Zigbee ina upana wa megahezi mbili na huonekana kwa nadra. Oveni ya maikrowevu hutapakaa katikati ya mkanda, ikiwaka na kuzimika kwa mdundo wa umeme wa nyumba, ambao Afrika Mashariki ni mizunguko 50 kwa sekunde. Umbo, upana na mdundo humtaja mwenyewe hata pale ujumbe wake usipoweza kusomeka, au usipopaswa kusomwa. Msimamizi mzuri hujua nani anazungumza bila kujua anasema nini, na mpaka huo unastahili kulindwa kwa bidii.

Utambuzi huo una mitego. Mwaka 1967, Cambridge nchini Uingereza, Jocelyn Bell aliona mapigo ya redio yakija kila baada ya sekunde 1.33. Utaratibu wake ulikuwa mkamilifu kiasi kwamba yeye na wenzake walianza kwa kushuku mitambo ya binadamu, na hata kwa mzaha wakawaza juu ya viumbe wa sayari nyingine, kabla ya kuthibitika kuwa ni nyota inayozunguka. Katika darubini ya Parkes, Australia, yaliyotokea yalikuwa kinyume. Kwa miaka mingi zilinaswa ishara fupi zilizofanana na milipuko ya mbali angani, na mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba zilitoka kwenye oveni za maikrowevu za kituo chenyewe, mlango ulipofunguliwa kabla oveni haijazima. Mpangilio hauthibitishi kwamba kuna anayezungumza, wala kufanana na nyota hakuthibitishi nyota. Katika visa vyote viwili jibu lilipatikana kwa kuuliza ishara ilitoka upande gani, saa ngapi, na ni nani mwingine aliyeisikia.

Wanaastronomia wana nafasi ya pekee katika jamii ya masafa, kwa sababu wao husikiliza bila kurusha. Masafa ya karibu megahezi 1,420, ambamo haidrojeni ya ulimwengu hujitangaza, yamelindwa kimataifa dhidi ya kurushwa. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya elimu ya anga, na nyika ya Karoo, zilipo darubini za MeerKAT, imewekewa ukimya wa redio. Soko lisingeweza kuubuni ukimya huo, kwa sababu haidrojeni hailipi kodi ya masafa.

Kuna pia ambaye bado hajafika. Setilaiti zinazosimama juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, zina nafasi chache, na katika miaka ya 1970 nchi tajiri zilikuwa zikizichukua kwa kanuni ya aliyetangulia. Mwezi Desemba 1976, nchi za ikweta zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire zilitoa Azimio la Bogotá, zikidai kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu ya ardhi zao ni mali yao. Dai hilo halikukubaliwa, kwa kuwa Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza dola yoyote kujimilikisha anga hizo. Malalamiko yaliyokuwa nyuma yake yalisikika hata hivyo. Mkutano mkuu wa ITU uliofanyika Nairobi mwaka 1982 uliongeza kwenye mkataba wa shirika kwamba matumizi ya masafa na ya njia hiyo yazingatie mahitaji maalumu ya nchi zinazoendelea. Nchi zilishindwa kwenye umiliki zikafanikiwa kwenye haki ya kutengewa nafasi, na huenda ushindi huo ulikuwa bora kuliko ule waliouomba.

Aliyechelewa anaweza kukosa nafasi hata pale masafa yanapokuwa matupu. Chaneli za televisheni zilizotengwa kwa nchi nzima mara nyingi hazina mrushaji vijijini. Mwaka 2013 mradi wa Mawingu, karibu na Nanyuki nchini Kenya, ulitumia nafasi hizo tupu kupeleka intaneti kwa mitambo ya nguvu ya jua, kwa sharti la kutomsumbua mwenye televisheni. Haki ya mwenye leseni haikupungua hata kidogo, na watu waliokuwa gizani walisikika.

Angani tatizo hilo limechukua sura kubwa zaidi. Kwa kanuni za ITU, aliyeomba masafa ya setilaiti ana miaka saba ya kuanza kuyatumia, na kwa muda mrefu baadhi waliomba bila nia ya kurusha chochote, ili wawe na cha kuuza. Makundi ya maelfu ya setilaiti za chini yalipoanza kupangwa, kurusha moja tu kungeweza kulihifadhia ombi zima haki yake. Mkutano wa Sharm el-Sheikh wa mwaka 2019 uliweka vipimo: baada ya miaka hiyo saba, mwombaji awe amepeleka asilimia 10 ya setilaiti zake ndani ya miaka miwili, asilimia 50 ndani ya mitano, na zote ndani ya saba. Asiyetimiza hupunguziwa haki yake kulingana na alichokifanya, na sehemu iliyobaki huwa wazi kwa mwingine.